Miji ya kale, ngome na fukwe za Kenya: panga safari yako kwa upepo na maji

Wengi wanaopanga safari ya pwani ya Kenya huanza na hoteli, kisha tiketi, na wakishafika ndipo wanapouliza pa kutembea. Matokeo yake wanaingia Gedi saa saba mchana jua likichoma, wanazunguka Mji wa Kale wa Mombasa Ijumaa adhuhuri maduka yamefungwa, na wanashuka kuogelea wakati bahari imeshatoka hadi kwenye mwamba. Miji hii ilijengwa na watu waliohesabu pepo, mwezi na nyakati za sala. Anayeifuata hesabu hiyo huiona vizuri na kwa gharama ndogo zaidi. Basi tuanze na hesabu hiyo kabla ya kufika Mombasa, Gedi, Malindi, Watamu na Lamu, pamoja na Diani kwa atakayeelekea kusini.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa upepo

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Joto huwa kali, lakini bahari hutulia na maji huwa maangavu, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuona matumbawe, samaki na kasa. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua za masika, na huendelea hadi Septemba hivi. Juni hadi Agosti hewa ni ya kupendeza kwa kutembea kwenye magofu na vichochoro, ila bahari huchafuka, na mwani huletwa ufuoni kwa wingi kiasi kwamba mchanga mweupe wa kwenye picha huuoni. Kati ya kusi inayolegea na kaskazi ambayo haijashika, yaani Oktoba na Novemba, kuna siku nzuri sana zinazokatizwa na mvua za vuli.

Upepo huu ndio ulioleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, na ndio ulioyarudisha. Mfano wake ulio wazi ni Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na akafika Calicut tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi hakuusubiri upepo. Aliondoka India Oktoba, akahangaika baharini karibu miezi mitatu huku mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, akaifikia Malindi Januari 1499.

Kwangu mimi wakati bora ni mwisho wa Januari hadi mwanzo wa Machi: kaskazi imetulia, wageni wa Krismasi wamerudi makwao na bei zimeshuka. Epuka nusu ya pili ya Desemba, Pasaka na likizo za Agosti kama mfuko wako ni mdogo. Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Lamu na Mji wa Kale hufungwa mchana, lakini baada ya futari mitaa huchangamka hadi usiku wa manane, na vyakula vya usiku huo havina mfano. Mwezi wa Mfungo sita Lamu husherehekea Maulidi, na wageni hutoka mbali kuhudhuria. Ukitaka kuwa huko wakati huo, tafuta chumba mapema sana.

Hatua ya pili: soma mwezi na maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu siku nyingi za likizo. Katika mwambao huu tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana saa nne hivi asubuhi na hujaa saa kumi hivi jioni. Kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja unafika maji mafu: bahari haijai sana wala haitoki sana, na sasa ni asubuhi ndipo maji yanapojaa.

Tafsiri yake kwa msafiri ni hii. Ukifika siku za bamvua, tumia asubuhi kutembea kwenye mwamba na vidimbwi vyake, au kutazama samaki kwa miwani na mrija, kisha uogelee jioni. Ukifika siku za maji mafu, ogelea asubuhi. Usiende kwenye mwamba bila viatu vya plastiki vinavyofunga, kwa sababu ya matumbawe makali na wadudu wa miiba mirefu wanaokaa kwenye mianya. Na geuka kurudi mara tu maji yanapoanza kujaa, maana hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako.

Jedwali la maji la bandari ya Mombasa linapatikana kwenye simu. Lichapishe au lipige picha kabla ya kuondoka, kisha weka alama siku zako za baharini. Muulize pia mvuvi yeyote ufuoni; atakujibu bila kutazama chochote.

Hatua ya tatu: hati, pesa na usafiri

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya. Wageni wengine wengi, wakiwemo Waswahili wenye pasipoti za Ulaya au Marekani, wanapaswa kukiomba mtandaoni kabla ya safari; mfumo huo ulianza Januari 2024. Anayetoka Tanga huvuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na huyo ana bahati: Diani iko njiani, anaweza kuanza na kusini kabla ya Mombasa.

Beba kitambulisho kila unapokwenda makumbusho au hifadhi, kwa sababu viingilio hupangwa kwa uraia, na tofauti si ndogo. Hifadhi za wanyama na za baharini hulipiwa kwa njia ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, hawapokei noti. M-Pesa hutumika karibu kila mahali, lakini Lamu mashine za benki ni chache, kwa hiyo nenda na akiba ya taslimu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Nunua chupa ya kujaza.

Kutoka Nairobi, treni ya SGR ndiyo chaguo langu. Husafiri takriban kilomita 470 kwa saa tano au sita, ikikatiza Tsavo, na ukikaa dirishani mchana huenda ukaona ndovu. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwaka 2024 na daraja la kwanza 4,500. Tiketi za wikendi na sikukuu huisha mapema, kata ya kurudi siku hiyo hiyo unapokata ya kwenda. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Anayekwenda moja kwa moja Diani sasa anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu bila kusubiri feri ya Likoni.

Hatua ya nne: Mombasa, siku mbili kamili

Usilale Nyali, ng'ambo ya kisiwa, kisha ukaja mjini kwa saa mbili. Tafuta chumba kisiwani walau usiku mmoja, ili asubuhi saa mbili, lango la Fort Jesus linapofunguliwa, uwe wa kwanza kuingia. Saa hiyo kuna kivuli na makundi ya mabasi hayajafika.

Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano. Ukiitazama ramani yake ukutani utaona umbo la mtu aliyelala. Panda kwenye buruji ya kwanza utakayofika na usimame pale uelewe jambo moja: mizinga ilitazama mlango wa bandari, lakini hatari kubwa ilitoka nchi kavu na kutoka ndani. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa, aliasi, akamuua kamanda wao na kuiteka ngome. Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ukadumu hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliua wengi zaidi kuliko risasi. Meli Santo António de Tanná iliyoletwa kuwaokoa Wareno ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vyake vimo ndani ya makumbusho. Vitazame kwa utulivu, kwani ni vyombo vya watu waliokuwa wakijaribu kuishi.

Usitoke bila kuona michoro ya meli iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, na nyumba ya Waomani juu ya ukuta, yenye mandhari bora ya bahari. Baada ya Waomani, ngome ilitawaliwa kwa miaka mingi na ukoo wa Mazrui. Likumbuke jina hilo, utakutana nalo tena Lamu. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Ukitaka mwongoza wageni, chukua mwenye kitambulisho, na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Mzuri ana thamani kubwa hapa, maana mawe hayajielezi yenyewe.

Jua likipanda, pumzika. Rudi saa kumi alasiri uzunguke Mji wa Kale kwa miguu: Ndia Kuu, msikiti wa Mandhry unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, roshani za mbao, kisha ushuke hadi bandari ya kale. Piga picha milango na roshani kwa uhuru, lakini watu waombe ruhusa kwanza, na kamera iweke mfukoni penye bandari, feri au askari. Nguo ya kufunika mabega na magoti inatosha kwa wote, mwanamume na mwanamke.

Kuhusu chakula sina mjadala: usikubali malazi yenye milo yote. Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi. Alasiri tafuta viazi karai na bhajia zenye chatne ya ukwaju, na jioni mishikaki na mkate wa mofa. Sokoni Marikiti nunua viungo, mabuyu na achari, lakini uliza bei kwa wauzaji watatu kwanza. Mtu anayekula bufee ya hoteli kwa siku saba hajaionja Mombasa.

Hatua ya tano: kaskazini hadi Malindi, ukisimama njiani

Matatu za Malindi huondoka barabara ya Abdel Nasser, na mwendo ni takriban kilomita 120. Ukiwa na gari, simama mara mbili. Kwanza Jumba la Mtwana, baada ya Mtwapa, magofu ya karne ya 14 yaliyo ukingoni mwa bahari chini ya mibuyu. Mara nyingi utakuwa peke yako. Pili Mnarani, Kilifi, juu ya jabali linalotazama hori. Kila mahali saa moja yatosha.

Weka kambi Watamu. Kutoka hapo Gedi, hori la Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke na Malindi yote ni karibu, na tuktuk au matatu hukufikisha.

Gedi ipe asubuhi nzima. Ni mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi kisha ukaachwa katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Kuna msikiti mkuu, kasri, makaburi ya mnara na visima virefu. Kaburi moja lina mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na hilo ndilo lililowasaidia wachimbuaji kupanga umri wa mji. James Kirkman alichimba hapa kuanzia 1948, akapata vyombo vya kaure kutoka China na shanga za mbali, ilhali mji uko kilomita kadhaa kutoka baharini, na Wareno waliokaa jirani Malindi hawakuutaja katika maandishi yao. Kwa nini uliachwa? Wanahistoria hutaja maji kupungua visimani, vita vya Wazimba na Waoromo, na kuhama kwa ufalme wa Malindi kwenda Mombasa. Chungulia kisima kilicho karibu na msikiti mkuu, kilichochimbwa kwenda chini zaidi baadaye, na sababu ya maji utaielewa bila kuelezwa. UNESCO iliiorodhesha Gedi mwaka 2024, kwa hiyo wageni wanaongezeka, nenda mapema. Usiwape kima chakula hata wakikuomba kwa macho.

Hori la Mida hufuata saa za maji. Maji yakitoka, ndege hushuka kula kwenye tope. Maji yakijaa, mtumbwi hupita kati ya mikoko. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza za aina yake Kenya. Kodi mashua yenye sakafu ya kioo pamoja na wageni wenzako, maana bei huwa ya mashua na si ya kichwa. Mwambie nahodha kabla ya kuondoka kwamba hutaki samaki warushiwe mkate, na usisimame juu ya matumbawe. Tumbawe unalolikanyaga ni kiumbe hai.

Malindi yenyewe yatosha siku moja. Nguzo ya Vasco da Gama iko kwenye rasi, msalaba wa jiwe la Ureno juu ya mnara wa matumbawe. Karibu yake kuna kanisa dogo la Wareno ambako Francis Xavier alipita mwaka 1542. Lakini ningependa uende pia kwenye makaburi ya mnara kando ya Msikiti wa Juma, kwa sababu Malindi ilikuwa na wafalme na wajumbe kabla ya Mreno yeyote; mwaka 1415 ilimpelekea mfalme wa China twiga. Usishangae kuhudumiwa kwa Kiitaliano. Waitaliano wengi wameishi hapa kwa miongo kadhaa. Kuogelea ni bora Watamu, kwani Mto Sabaki humwaga tope karibu na Malindi na mvua za bara hugeuza maji kuwa ya kahawia.

Hatua ya sita: Lamu, usiku tatu au zaidi

Kuna njia mbili. Ndege hutua Manda, kisiwa jirani, na mashua hukuvusha dakika chache hadi mjini. Basi hupita Garsen hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha mashua ya abiria. Barabara hiyo huwekewa ulinzi kwa sababu za usalama. Uliza hali yake siku hizo hizo, safiri mchana tu, na ukiwa na shaka panda ndege.

Mji wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, hutembelewa kwa miguu. Mizigo hubebwa na punda. Anza na barabara kuu, Usita wa Mui, kisha jipoteze kwa makusudi. Mkomani, upande wa kaskazini, ni nyumba kubwa za mawe. Langoni, kusini, ni biashara na shughuli. Ukipotea, shuka kuelekea baharini. Ukimsikia punda nyuma yako, sogea ukutani.

Kabla ya ngome, ingia nyumba ya makumbusho ya Kiswahili. Ukumbini utaona zidaka, yaani vishubaka vya chokaa ukutani, na jinsi vyumba vinavyofuatana, kutoka dakani (ukumbi wa mlangoni) na barazani kwa mgeni hadi ndani kwa wenye nyumba. Ukishaielewa nyumba moja, mji mzima unasomeka.

Ngome ya Lamu ilijengwa baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810. Pate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuiteka Lamu, wakashindwa ufuoni Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome ikakamilika kwa msaada wake takriban 1821. Hapo ndipo Oman ilipoanza kushika mwambao huu kwa nguvu mpya. Ndiyo maana nakutaka uione Fort Jesus kwanza: ngome hizi mbili ni sehemu mbili za kisa kimoja. Nayo iligeuzwa gereza, hadi 1984.

Shela iko mwendo wa dakika 45 kwa miguu, au mashua ya abiria. Ufuo wake ni wa kilomita nyingi na haujajaa watu, lakini sehemu kubwa haina mwamba wa kuvunja mawimbi. Ogelea karibu na kijiji, kamwe peke yako. Nguo za kuogelea ziishie mchangani.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkondo wa mikoko ambao mashua haiupiti maji yakiwa yamekupwa. Hapa jedwali lako la maji linalipa: chagua siku ambayo maji yanajaa mchana, na mpatane na nahodha muda wa kurudi kabla hayajatoka. Jahazi la machweo ni zuri, lakini la kwenda Takwa au Siyu, kwenye ngome ya kisiwa cha Pate, lina mengi zaidi ya kuona.

Kwa anayeelekea kusini

Diani ni pa kupumzika, na nasema hivyo kwa heshima: mchanga mweupe mrefu, maji tulivu nyuma ya mwamba, hoteli za kila bei. Tembea kaskazini hadi mdomo wa Mto Mwachema uone msikiti wa kale wa Kongo, unaosaliwa hadi leo. Mbega wa mitini usiwalishe. Safari ya siku moja inayofaa ni Shimoni, penye mapango yaliyotumika kufungia watumwa, na boti ya asubuhi kwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti kutafuta pomboo. Wakati wa kusi boti hurushwa sana. Mwenye kichefuchefu abaki pangoni na kisiwani Wasini.

Ukiwa na siku tisa

Lala Mombasa mbili, Watamu tatu, Lamu tatu, kisha urudi Nairobi kwa ndege kutoka Manda siku ya tisa. Panga siku za Watamu ziangukie bamvua kama unapenda mwamba, au maji mafu kama una watoto wanaotaka kuogelea asubuhi. Usiwe Lamu au Mji wa Kale kwa manunuzi Ijumaa kati ya saa sita na saa nane. Na siku ya kuondoka Lamu, mwambie mwenye mashua saa ya ndege yako jana yake, na ukae gatini saa mbili kabla: kivuko ni kifupi, lakini maji yakiwa yametoka ngazi za gati huteleza, na mizigo hupandishwa polepole.